Moyo Unadunda Kabla ya Dufu: Kwa Nini Unatetemeka, na Ufanye Nini

Simu ilinikuta maktaba, saa tatu usiku. Alikuwa mdogo wangu wa Kilwa Kivinje, anayetimiza miaka 13 mwaka huu. Salamu aliipitisha haraka haraka. "Shikamoo dada. Eti, mtu akinywa nini moyo unatulia?"

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Mwaka jana, usiku wa maulidi ya Mfungo Sita, yeye ndiye aliyepewa kuongoza kasida ya madrasa yao. Ubeti wa kwanza aliutoa vizuri kabisa. Wenzake wakaitikia, dufu likapigwa, zamu ikarudi kwake, na ubeti wa pili haukuja. Akasimama na kanzu yake mpya, mdomo wazi. Watoto waliokaa mbele wakaanza kucheka. Mwenzake akadaka, kasida ikaendelea, na yeye akasogea nyuma taratibu mpaka hakuonekana tena. Tangu siku hiyo hakuimba, hata wakati wa kuoga. Sasa maalim wake amemrudishia kasida ileile, na zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Nikamwambia, "Nipe mpaka kesho." Mimi si mwanamuziki, ila nilisomea fiziolojia, yaani jinsi mwili unavyofanya kazi, na swali lake lilikuwa limeangukia shambani kwangu. Makala hii ni yale niliyomweleza, pamoja na machache ambayo mtoto wa miaka 13 hakuyahitaji lakini wewe huenda ukayapenda.

Najua wapo watakaosema kasida si muziki. Ubishi huo nawaachia wenyewe. Moyo wenyewe haubagui: uwe unaongoza kasida Kivinje, unaimba taarabu harusini Lindi mjini, unapiga gitaa kanisani au unashindana kwenye kwaya ya shule, unadunda vilevile.

Mwili unadhani kuna simba

Ukipata hatari, sehemu ndogo ndani ya ubongo iitwayo amigdala hupiga kengele kabla hata hujafikiri. Kengele hiyo hupita kwenye haipothalamasi, ikateremka kwa njia ya neva mpaka kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Tezi hizo humwaga adrenalini kwenye damu. Yote haya huchukua sekunde chache tu. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, aliyaeleza mwaka 1915: mwili unajiandaa kupigana au kukimbia.

Kwa babu zetu waliokutana na simba njiani, mpango huu ulikuwa mzuri sana. Tatizo ni kwamba mwili hauna mpango mwingine maalumu wa kasida. Hebu tazama unavyomletea shida mwimbaji:

Moyo unapiga kwa nguvu ili kupeleka damu kwenye misuli mikubwa ya miguu. Unausikia masikioni.

Mishipa ya damu ya kwenye ngozi inabana. Vidole vinapoa na kuwa vizito, na mpiga dufu au mpiga kinanda ndipo anapoviona si vyake.

Mate yanapungua, kwa sababu mbele ya simba huna haja ya kusaga chakula. Mdomo unakauka, ulimi unanata.

Pumzi inakuwa fupi na inapanda juu kifuani. Mstari uliokuwa unaumaliza kwa pumzi moja, sasa unakatika katikati.

Misuli inakaza, ya kooni ikiwemo. Sauti inapanda juu au inatetemeka.

Tumbo linavuruga, na unataka kwenda msalani kwa mara ya nne.

Kwa hiyo ukiona haya yote, hujarogwa na huna ugonjwa. Mashine yako iko sawa, ila imewashwa mahali ambapo si pake.

Lakini kwa nini watu waliokaa kwenye mkeka wawe kama simba? Mwaka 1993 watafiti wa Trier, Ujerumani, walitangaza jaribio ambalo mpaka leo linatumika duniani kote. Wanamweka mtu mbele ya majopo ya watu wasiotabasamu, ahutubie, kisha afanye hesabu za kutoa kwa sauti. Hapigwi, hatishwi. Hata hivyo mapigo ya moyo yanapanda, na homoni ya kotisoli inapanda pia. Kupimwa na watu wengine ni hatari ya kweli kwa kiumbe anayeishi kwa kutegemea watu. Na sisi wa pwani, ambako aibu ya mtoto huwa aibu ya ukoo mzima, hilo hatuhitaji kufundishwa na Mjerumani.

Habari njema ni kwamba kwa watu wengi mapigo hufika kileleni pale mwanzoni kabisa, kisha huanza kushuka. Ukivuka mlango, ndani kuna nafasi. Kazi ni kuuvuka.

Mende nao wana hofu ya jukwaani

Mwaka 1965 mwanasaikolojia Robert Zajonc alitoa hoja iliyopanga vizuri mambo yaliyokuwa yakiwachanganya wenzake: mbona mtu mwingine akitazamwa anafanya vizuri zaidi, na mwingine anaharibu? Jibu lake: watazamaji wanaamsha mwili, na mwili ulioamshwa hutoa kile ulichokizoea zaidi. Kama ulichokizoea ndicho sahihi, utang'aa. Kama bado hujakishika, utatoa makosa yako kwa kasi na kwa sauti kubwa.

Mwaka 1969 yeye na wenzake wakalijaribu hilo kwa mende. Ndiyo, mende hawa hawa wa jikoni. Mende hukimbia mwanga, kwa hiyo waliwashiwa taa wakakimbilia gizani. Pembeni waliwekwa mende wengine ndani ya visanduku vya kuonekana, wakitazama. Kwenye njia iliyonyooka, mende waliotazamwa walikimbia haraka zaidi. Kwenye njia ya kona kona, walichelewa zaidi. Mende hana jina la kulinda wala ukoo wa kuaibisha, lakini kanuni ni ileile.

Hapo nilimuuliza mdogo wangu: "Mwaka jana ubeti wa pili ulikuwa umeushika kweli?" Akanyamaza. "Nilikuwa naujua, dada." "Ulikuwa unaujua ukiwa wapi?" "Nikiwa nimekaa. Chumbani."

Basi hapo ndipo penye shina la mambo. Kuweza mara moja ukiwa peke yako ni mwanzo tu wa mazoezi. Unatakiwa ufike mahali ambapo unaimba huku kuku wanapita, mama anaita, na bado maneno yanakuja. Hakuna pumzi wala dua ya dakika ya mwisho itakayoleta ubeti ambao haumo.

Kwa nini ubeti wa pili ulipotea?

Tunapokariri kwa kurudia rudia, maneno yanashikana kama mnyororo: la kwanza linaita la pili, la pili linaita la tatu. Ni njia nzuri, inakwenda yenyewe. Ubaya wake ni kwamba kikatika kipete kimoja, huna pa kushika.

Fikiria abiria wa basi la Lindi kwenda Dar. Abiria mmoja anajua tu "tunakwenda mpaka tufike". Mwingine anajua Nangurukuru, Somanga, Ikwiriri, Kibiti, Mkuranga. Wote wawili wakisinzia, wa pili akifumbua macho na kuona kibao kimoja tu anajua yuko wapi. Wa kwanza anabaki kuuliza.

Mwanasaikolojia Roger Chaffin alimfuatilia mpiga piano Gabriela Imreh alipokuwa akijifunza kipande cha Bach, akirekodi mazoezi yake tangu siku ya kwanza. Alichokiona ni kwamba bingwa haachii mnyororo peke yake. Anaweka vituo: hapa sehemu mpya inaanza, hapa pana kidole kigumu, hapa hisia inabadilika. Vituo hivyo anavifanyia mazoezi mpaka anaweza kuanzia popote.

Kwa hiyo zoezi la kwanza nililompa mdogo wangu lilikuwa hili: andika neno la kwanza la kila ubeti kwenye vikaratasi, vikunje, vitie kwenye kikombe. Chomoa kimoja, anza hapohapo. Siku ya kwanza alilalamika kwamba ubeti wa nne haujui bila kuanzia wa kwanza. Nikamwambia, "Afadhali umelijua leo kuliko kulijua usiku wa maulidi."

Usijiambie "tulia"

Sasa turudi kwenye moyo. Ushauri wa kila mtu ni "tulia" au "jikaze". Nia ni njema, lakini adrenalini ikishaingia kwenye damu haisikii amri. Unajiambia tulia, moyo unadunda, na sasa una hofu ya pili: mbona situlii?

Mtafiti Alison Wood Brooks, wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 2014 alichapisha jaribio ambalo nalipenda sana. Aliwaambia watu waimbe karaoke mbele ya mtu wasiyemjua, na programu ya mchezo ikapima usahihi wa sauti na mapigo. Kabla ya kuimba, kundi moja lilitamka kwa sauti kwamba lina wasiwasi. Kundi jingine lilitamka kwamba lina msisimko. Kundi la tatu halikusema kitu. Wale wa wasiwasi walipata wastani wa karibu asilimia 53. Waliokaa kimya, 69. Wale wa msisimko, takriban 81.

Kinachovutia ni kwamba mioyo ya wale wa msisimko haikutulia. Mwili ulibaki umewaka vilevile. Kilichobadilika ni jina la moto. Kwa mwili, woga na shauku ni ndugu wa tumbo moja: moyo mbio, pumzi juu, macho yamefunguka. Kutoka woga kwenda utulivu ni safari ndefu. Kutoka woga kwenda shauku ni kuvuka barabara.

Na Kiswahili kimetuandalia. Tuna kiwewe, tuna kihoro, lakini pia tuna kimuhemuhe. Mtoto usiku wa kuamkia Idi ana kimuhemuhe. Hakuna anayempa dawa. Vijana wa mjini watasema "nina mzuka". (Hilo nilimkataza asiliseme mbele ya maalim.) Yeye alichagua "nina hamu nayo". Akawa analisema kwa sauti, kila anapoanza mazoezi.

Pumzi: usukani pekee ulio mikononi mwako

Huwezi kuuamuru moyo, tezi wala tumbo. Kuna kitu kimoja tu kati ya hivi ambacho kinakwenda chenyewe lakini pia ukikishika kinakutii, nacho ni pumzi.

Weka vidole kwenye mshipa wa mkono, upande wa kidole gumba. Vuta pumzi polepole, kisha itoe polepole. Ukiwa makini utagundua mapigo yanaenda haraka kidogo unapovuta, na yanapungua unapotoa. Unapotoa pumzi, neva ya vagasi, inayoshuka kutoka ubongoni mpaka kwenye moyo na tumbo, hukanyaga breki. Kwa hiyo ukirefusha kutoa pumzi, unakaa kwenye breki muda mrefu zaidi.

Kwa watu wazima wengi, mwendo unaofaa ni karibu pumzi 6 kwa dakika. Vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, kwa pua au kwa midomo iliyokutana kidogo kama unapoza chai. Usijaze kifua mpaka pomoni. Ukivuta nyingi na haraka utapata kizunguzungu, na hapo umeongeza tatizo. Huko Sydney, Australia, watafiti walifanya jaribio kwa wanamuziki 46, matokeo yakachapishwa mwaka 2012: kikao kimoja tu cha kupumua polepole kabla ya onyesho kilisaidia mwili kudhibiti moyo, na waliokuwa na wasiwasi mkubwa ndio walionufaika zaidi.

Sasa angalia jambo ambalo wazee wetu walilifanya bila maabara. Kasida ya mistari mirefu ni nini kama si kutoa pumzi polepole? Mwaka 2013 watafiti wa Gothenburg, Uswidi, wakiongozwa na Björn Vickhoff, waliwapima vijana 15 wakiimba pamoja. Walipoimba wimbo wa taratibu wenye mistari inayolingana, mioyo yao ilianza kupanda na kushuka kwa pamoja, kwa sababu pumzi zao zilikuwa zinapanda na kushuka pamoja. Yaani kuimba kwenyewe ni sehemu ya dawa, ili mradi uvuke mstari wa kwanza.

Na kiitikio? Kila kiongozi wa kasida au wa ngoma za kwetu anaitikiwa. Tunaona ni utamu tu wa wimbo, lakini kwa mwimbaji mwenye hofu ni zawadi. Wenzako wanapoitikia una sekunde kadhaa za kutoa pumzi, kumeza mate na kukiona kituo kinachofuata. Mwaka jana mdogo wangu alizitumia sekunde hizo kutazama nyuso za watu. Mwaka huu tulikubaliana: wakiitikia, toa pumzi, kisha neno la kwanza la ubeti ujao. Mengine baadaye.

Hawakuoni kama unavyojiona

Unapotetemeka unahisi mkeka mzima unauona moyo wako kupitia kanzu. Si kweli. Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walichapisha utafiti mwaka 2003 kuhusu wanafunzi waliotakiwa kuhutubia. Watu hujiona kama kioo, wakidhani hofu yao inaonekana nje zaidi kuliko inavyoonekana kweli. Cha kupendeza ni kwamba wale walioelezwa jambo hili kabla ya kuhutubia walihutubia vizuri zaidi, kwa maoni yao na ya waliowatazama. Yaani kulijua tu kulisaidia. Basi na wewe sasa umelijua.

Kwa nini usisubiri hofu iishe

Watu wengi hudhani wakubwa hawaogopi. Pablo Casals, mmoja wa wapiga selo wakubwa wa karne ya 20, aliogopa kabla ya maonyesho maisha yake yote. Barbra Streisand alisahau maneno ya wimbo mbele ya umati mkubwa katika bustani ya Central Park, New York, mwaka 1967. Baada ya hapo alikwepa ziara za matamasha kwa miaka mingi, mpaka ziara yake ya 1994. Sauti ilikuwepo muda wote.

Hapo ndipo nilipoogopa kwa niaba ya mdogo wangu. Kusahau ubeti ni jambo la sekunde kumi. Kukwepa ndiko kunakokula miaka, kwa sababu kila unapokwepa, ubongo unapata nafuu na kujifunza kwamba kweli kulikuwa na simba. Dawa ni kurudi kwa ngazi ndogo ndogo. Ratiba yetu ilikuwa hivi: wiki ya kwanza, amwimbie bibi peke yake, akiwa amesimama. Wiki ya pili, watu watano barazani, kwanza akimbie mpaka ufukweni na kurudi, aimbe moyo ukiwa tayari unadunda. Wiki ya tatu, madrasa nzima, kanzu ileile, na wenzake waruhusiwe kumchekesha.

Na vidonge?

Swali lake la kwanza lilikuwa "akinywa nini", kwa hiyo nilijibu. Maji, mafunda madogo, kwa ajili ya mdomo mkavu. Tangawizi ya moto ni nzuri kwa sababu ni nzuri, moyo hautulizi. Kahawa kali na vinywaji vya kuongeza nguvu acha, vinachochea moto uleule.

Kwa wakubwa kuna jambo la kuongeza. Zipo dawa za moyo, kama propranololi, zinazoizuia adrenalini isiushike moyo. Katika uchunguzi wa wanamuziki 2,212 wa okestra za Marekani, uliochapishwa mwaka 1988, asilimia 27 walisema wamewahi kuzitumia dawa za aina hiyo, na wengi wao bila kuandikiwa na daktari. Mikono inaacha kutetemeka, ni kweli. Lakini kwa mwenye pumu zinaweza kufunga njia ya hewa, na kwa wenye matatizo fulani ya moyo zinaweza kuleta hatari kubwa. Usipewe na rafiki. Kama hofu inakuzuia kula, kulala au kuishi, nenda kamuone daktari, mweleze yote.

Usiku wenyewe

Nilisafiri kwenda Kivinje. Nilikaa upande wa kina mama, kwa hiyo nilimsikia zaidi kuliko kumwona. Ubeti wa kwanza sauti ilianza juu kidogo, ikashuka. Wa pili ukaja. Nikagundua nimeshika mkono wa shangazi kwa nguvu mpaka ananitazama. Ubeti wa tatu alipoteza neno katikati; nilisikia pengo, pengine wengine hawakulisikia. Akaruka mpaka mwisho wa mstari, wenzake wakaitikia, na wa nne akauanza palepale panapotakiwa.

Baadaye nilimkuta nje, kanzu imelowa jasho mgongoni.

"Dada, moyo haukutulia hata kidogo."

"Najua."

"Mpaka mwisho."

"Na uliimba mpaka mwisho."

Akafikiri kidogo, kisha akaniuliza kama pilau imeshaanza kugawiwa.